Namna ya kufufua simu ya zamani na Android ya wazi, hapa kwetu Bukavu

Kama uko na Redmi Note 8 yenye inalala mu kabati, ama Galaxy S9 yenye kioo yake iko nzima lakini kila ukiangalia apdeti inakuambia hakuna, tafazali usiiuze bei ya kutupa pale Nyawera, ngojea kwanza tuongee. Simu ya vile haijakufa. Kitu kilikufa ni apdeti za kampuni tu. Redmi Note 8 ilitoka mwaka 2019 na Android 9, ikapandishwa paka ku Android 11, kisha ikaachwa, wakati batri, kamera na antena vyote vingali vinatumika muzuri kabisa. Baada ya hapo aplikesheni moja moja zinaanza kuikataa, sawa vile WhatsApp ilifanya simu za Android 4 mwanzo wa 2025.

Watu wengi hawajui kama Android yenyewe, ile ya chini, ni ya wazi. Google inaweka kodi yake, yaani maandishi yenye programu imejengwa nayo, hadharani, inaitwa AOSP, na kila mutu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuijenga upya. Njo vile mwaka 2009 Mumarekani Steve Kondik alianzisha CyanogenMod, Android yenye imejengwa upya juu ya kodi ile, ikafungwa mwisho wa 2016, na wenye walikuwa wanaijenga wakaendelea kwa jina LineageOS. Kisha Mufaransa Gaël Duval, ule mwenye alitengeneza Mandrake Linux mu 1998, akachukua LineageOS, akatosha mambo ya Google ndani, ikazaliwa /e/OS, na leo kule Ulaya mutu anaagiza Fairphone mupya yenye /e/OS iko ndani tayari, hana hata haja ya kujua fastboot ni kitu gani. Haya mambo yametoka mu mikono ya watoto wa informatike peke yao, mama wa nyumba kule anatumia na hajui kama ni kitu ya ajabu.

Na sisi watu wa Kivu tuko ndani ya hiyo habari. Ile Fairphone ya kwanza ya mwaka 2013, bati yake ilitafutwa ku kasiterite ya Kalimbi, pale Nyabibwe, huku huku Kalehe. Udongo wetu njo unatengeneza hizi simu, watu wanashuka mu mashimo juu yake, kwa hiyo kuona simu nzima inatupwa kisha miaka tatu sababu tu ya programu, mimi inaniuma kweli.

Haya, tuingie mu kazi: kutosha Android ya kampuni mu simu na kuweka LineageOS ama /e/OS fasi yake.

Kitu ya kwanza, na hapa usikimbie, ni kujua simu yako ni gani haswa. Jina la mu karatasi halitoshi. Redmi Note 8 ya kawaida, jina lake la ndani ni ginkgo. Note 8T ni willow. Note 8 Pro ni begonia, na hiyo iko na prosesa ingine kabisa, MediaTek. Kisha kuko Note 8 ya 2021, hiyo ni biloba, nayo ni tofauti tena! Ukiweka faili ya moja ndani ya ingine unaweza kubaki na jiwe mu mukono. Ku Samsung ni vile vile: Galaxy S9 yenye imeandikwa SM-G960F inafunguka, yaani unaweza kutoa kufuli yenye inakataza sisteme ingine kuingia, lakini SM-G960U, ile ya Marekani, kufuli yake haifunguki, na zile za Marekani ziko mingi mu soko yetu juu zinakuja kwa mitumba. Ingia mu Paramètres, «À propos du téléphone», soma modeli, iandike ku karatasi. Kisha uende ku wiki ya LineageOS (wiki.lineageos.org) utafute jina lile lile. Kama haiko mu orodha, angalia ku /e/OS. Kama haiko na kule, simama hapo, usichukue zip yenye mutu amerusha mu grupu ya Telegram, hujui ameweka nini ndani.

Najua sasa swali linakuja: na Tecno, itel, Infinix? Njo simu zenye tuko nazo wengi hapa, na jibu langu halitafurahisha. Kampuni yao haisaidie sana mambo ya kufungua kufuli, na mu orodha rasmi ya LineageOS mimi sijawahi kuziona. Kuko njia ya GSI, ile Android moja yenye inajaribu kuingia mu simu mingi, iliwezekana tangu Android 8 ya 2017, lakini kamera inaweza kukataa, ama alama ya kidole, ama sauti ya ku simu. Kwa mutu mwenye ni mara yake ya kwanza, mimi namwambia hapana. Tafuta Redmi ya zamani, Pixel ama Motorola ya mitumba yenye iko mu orodha, anza nayo. Na usianze na simu yenye unafanyia kazi kila siku.

Ya pili ni bakapu. Kufungua kufuli ya butiloda, yaani ule mulango wenye unaamua sisteme gani inaingia, kunafuta KILA KITU. Picha, namba, mesaji, vyote. Hakuna kubembeleza. Namba za watu zitoe mu faili moja ya vcf, aplikesheni ya Contacts iko na fasi ya «Exporter». Picha zikopie mu laptopu. WhatsApp ingia mu Paramètres yake, Discussions, Sauvegarde, ufanye bakapu, kisha uchukue folda nzima yenye iko mu Android/media/com.whatsapp na uiweke mu laptopu ama mu kadi. Siku ya kurudi, utairudisha fasi ile ile mbele ya kufungua WhatsApp, utaweka namba ile ile, nayo itakuuliza kama unataka kurudisha mazungumuzo. Dada yangu mudogo alipoteza picha za arusi yake juu alifikiri ziko mu kadi na hazikuwa mu kadi. Fungua kila folda kwa macho yako, uone picha inafunguka, njo uendelee.

Kisha kutafuta faili. Zip ya sisteme inafika karibu giga moja, kwa hiyo chukua forfe ya usiku ama uende kwa rafiki mwenye waifai. Kama muko wengi na modeli moja, mumoja adaunlodi, mugawane na flashi. Chukua na rikavari ya simu ile ile, yaani sisteme ndogo yenye inasaidia kuingiza ile kubwa, na zile programu za adb na fastboot, zenye zinapeleka amri kutoka laptopu kuingia mu simu, zinaitwa platform-tools, hizo ni ndogo, mega chache tu. Kisha hakikisha faili imefika nzima, juu intaneti ya hapa inakatika na faili inaweza kuwa na kasoro bila wewe kujua. Ku Windows unaandika:

certutil -hashfile jina-la-faili.zip SHA256

ku Linux ni sha256sum. Linganisha ile mustari murefu na ile yenye iko ku ukurasa fasi umedaunlodi. Ikitofautiana hata herufi moja, daunlodi upya.

Sasa umeme. Mimi mara ya kwanza nilitumia kompyuta ya meza kwa rafiki pale Kadutu, isiyo na batri, tulikuwa katikati ya kuandika rikavari na umeme ukaenda, simu ikabaki nyeusi, nilishinda siku mbili nikisoma paka nikaelewa kama fastboot ilikuwa ingali inafunguka. Haikuharibika, lakini roho ilinitoka. Kwa hiyo laptopu yenye batri yake inashika, simu yenyewe juu ya 60%, na kable nzuri, ile ya data, siyo zile za kushaji tu zenye zinauzwa barabarani. Kable mubaya njo inasumbua watu kuliko kitu kingine chochote.

Kufungua kufuli. Ku Xiaomi, njo kampuni ya Redmi, unabonyeza mara 7 juu ya «Version MIUI» (ku simu zingine ni «Numéro de build») paka ikuambie umekuwa developa. Ndani ya «Options pour les développeurs» unawasha «Déverrouillage OEM» na «Débogage USB». Kisha ku Xiaomi kuko fasi ya kuunga simu na konti ya Mi, uifanye na sim kadi ndani na mega za simu, siyo waifai, halafu programu yao ya Mi Unlock ku Windows itakuambia ungoje, mara mingi ni masaa 168, yaani wiki nzima. Ngoja. Usirudie kuunga konti kila siku, inaweza kuanza kuhesabu upya. Simu mupya zao zenye HyperOS, sisteme yao mupya, zimekuwa ngumu zaidi, njo maana nasema chukua ya zamani. Ku Pixel ni rahisi sana: adb reboot bootloader, kisha fastboot flashing unlock, unachagua na vifungo vya volimi, unakubali na pawa, basi. Ku Samsung unapita mu Download mode na jua kama Knox, kinga ya Samsung yenyewe, itachomeka milele, Secure Folder haitarudi tena.

Kisha kufungua, simu inawaka tupu. Washa tena Débogage USB, ichomeke ku laptopu, andika adb devices. Ikikuonyesha namba, mambo iko sawa. Sasa, kwa Redmi Note 8:

adb reboot bootloader
fastboot flash recovery recovery.img

Zima, kisha shika volimi ya juu na pawa pamoja paka rikavari ya LineageOS itokee. Ndani yake chagua Factory reset, kisha Format data. Rudi nyuma, Apply update, Apply from ADB, na ku laptopu:

adb sideload jina-la-sisteme.zip

Hapa watu wengi wanashtuka. Mara mingine laptopu inasimama ku 47% na kuandika «failed to read command: Success». Usichomoe! Iko sawa, angalia kioo ya simu yenyewe, njo inasema ukweli kama imemaliza. Simu zingine ziko na hatua yao ya kuongeza, kwa hiyo ukurasa wa simu yako mu wiki njo mukubwa kuliko mimi, usome wote mbele ya kugusa kitu.

Kama unataka Play Store, zip ya MindTheGapps, ile yenye inaleta aplikesheni za Google, inaingia sasa hivi, mbele ya kuwasha simu mara ya kwanza, hakuna kusema nitaiweka kesho. Kama hutaki konti ya Google, basi chukua /e/OS tangu mwanzo, iko na microG ndani, hiyo inafanya kazi ya huduma za Google ili mesaji zikuje kwa wakati. Mimi mwenyewe niko ku /e/OS na sijajuta. Aplikesheni za bure unachukua ku F-Droid, na ramani chukua Organic Maps, inatumia OpenStreetMap, unadaunlodi Kivu mara moja na inakuongoza bila mega hata moja.

Kuwasha mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika 15. Iache.

Na pesa? Hii njo wasiwasi ya kila mutu mwenye naongea naye. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, zote kwa njia ya nyota na dieze zinatembea sawa na zamani, juu ni sim kadi na netiweki zinafanya ile kazi, siyo Google. Ni aplikesheni za benki zenye zinaweza kukataa, juu zinauliza Google kama simu imefunguliwa kufuli. Kama unalipwa kupitia aplikesheni ya benki, ibakishe mu simu ingine. Angalia pia mbele kama radio ya FM ya simu yako inaendelea ku sisteme mupya, mu simu zingine inapotea, na mutu wa kusikiliza Radio Maendeleo ama Okapi asubuhi bila mega ataona pengo. Sim zote mbili, bluetooth, kamera, mikro, jaribu vyote siku ile ile, ukiwa ungali na laptopu karibu.

Apdeti za LineageOS zinatoka karibu kila wiki kwa simu zenye ziko mu orodha, lakini kila moja ni giga nzima tena, sikuambie ufuate zote. Mara moja kwa mwezi inatosha, chukua ile yenye iko na kinga ya mwezi ule, fanya bakapu, ingiza usiku simu ikiwa ku shaji.

Ya mwisho, na hii nimeona inaharibu simu ya kijana mumoja mwenye alikuwa amemaliza kila kitu muzuri: simu ikiwaka itaonyesha maneno kama kufuli iko wazi, inaogopesha, na utatamani kuifunga tena. Usifunge. Ku simu mingi, ukifunga butiloda na sisteme yenye haikutoka kwa kampuni ingali ndani, haitawaka tena. Yeye alifunga kwa usalama, alisema, na sasa ile simu iko kwa fundi ikingojea vipande vyake viuzwe kimoja kimoja. Yale maneno yanapita kisha sekunde tano tu.