Anza na sera ya likizo kabla ya kuomba maafisa

Mipango mingi ya wafanyakazi wa huduma za jamii huharibikia kwenye hesabu ya siku. Mpangaji huzidisha wiki 52 kwa siku 5, akapata 260, kisha akagawa kazi kana kwamba afisa yupo siku zote hizo. Fungua kwanza sera ya rasilimali watu.

Tuseme ofisi ya Kisumu inafuatilia familia 300, kuanzia Nyando hadi Seme, kila moja ikitembelewa mara 4 kwa mwaka. Hizo ni ziara 1,200. Kutoka siku 260 toa likizo ya mwaka: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikubali chini ya siku 21 za kazi, lakini sera yako ikitoa 30, toa 30. Toa sikukuu 12, ugonjwa 8, mafunzo 10. Zinabaki 200. Siku mbili za kila wiki huliwa na ripoti, mikutano na mahakama, hivyo za nyanjani ni 120. Kwa ziara 2 kwa siku, afisa mmoja anafikisha 240. Unahitaji maafisa 5. Ukisahau kutoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, utaomba 4, na familia zipatazo 60 zitakosa mtu.

Watano hao hawana akiba yoyote. Mmoja akienda likizo ya uzazi ya miezi 3, ziara kama 60 zinakosa mwenyewe. Sheria inamdai notisi ya siku 7 tu, muda usiotosha kupata mtu wa kushikilia. Kwa hiyo sera iwaombe wajawazito waarifu mapema kwa hiari, bila adhabu kwa asiyeweza, na itaje fungu la kulipia mkataba wa muda. Hapa ndipo sera nyingi zinanyamaza, na mzigo unawaangukia wenzake hadi nao wanaacha kazi.

Anayelipwa kwa mwezi anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28. Kutangaza nafasi, kuchuja na kuhoji huchukua zaidi. Weka orodha ya akiba ya waliofaulu usaili, na sera iseme itatumika kwa muda gani.

Mafuriko ya nyanda za Kano, hapo Kisumu, mwezi wa Aprili hupunguza ziara 2 kwa siku hadi 1, basi sogeza mafunzo yaangukie hapo.

Kwa ofisi ya kaunti, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Hesabu hii iwe mezani Januari.