Embe na ndimu: kwanza kwa rangi za maji, kisha kwa rangi za mafuta

Tunda lilelile likichorwa kwa rangi za maji na kwa rangi za mafuta, mpangilio wa kazi unageuka. Kwenye rangi za maji unaanza na mwanga, kwa sababu mwanga ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, weupe ule haurudi kama ulivyokuwa. Kwenye rangi za mafuta unaanza na giza, na mwanga unauweka mwisho, mzito, juu ya kila kitu. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wachore tunda moja kwa njia zote mbili. Hapa tutatumia embe dodo moja na ndimu mbili, moja ikiwa imekatwa.

Vifaa vya rangi za maji

Kama fedha ni kidogo, bana kwenye brashi na rangi, usibane kwenye karatasi. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiipata. Nyembamba hujikunja ikilowa na rangi inakusanyika mabondeni. Brashi mbili za mviringo zinatosha, namba 10 na namba 4.

Rangi tano: manjano ya limau (PY3), waridi ya kwinakridoni (PV19), bluu ya altramarini (PB29), bluu ya falo (PB15) na siena iliyochomwa (PBr7). Herufi na namba hizo hutaja unga halisi wa rangi uliomo; huandikwa kwenye tyubu, na ndizo za kuamini kuliko jina la rangi lililopo mbele. Mfano mzuri ni nyekundu ya alizarini, PR83: inavutia sana ikiwa mbichi, lakini hupauka ikikaa kwenye mwanga. Iache dukani.

Hatua ya 1: Kupanga matunda

Weka meza kando ya dirisha moja na uzime taa za ndani. Mwanga ukitoka pande mbili, kila tunda linapata vivuli viwili na umbo linavurugika. Kama chumba kina madirisha mengi, kata upande mmoja wa katoni, upande wa dirisha, upange matunda ndani yake. Kitambaa kiwe cha rangi moja. Kanga ni nzuri, ila maua yake yatashindana na embe lako. Ihifadhi kwa siku utakayokuwa umezoea.

Sogeza ndimu nzima mpaka ifichwe kidogo na embe. Matunda yanayogusana pembeni tu, bila moja kupita mbele ya jingine, huonekana yamebandikwa. Ndimu iliyokatwa igeuze uso wake ukutazame kwa mshazari. Piga picha kwa simu kabla ya kuanza, kwa sababu jua linahama na kivuli kinahama nalo.

Hatua ya 2: Penseli

Mistari myepesi, ya penseli HB. Zungushia pia doa la mng'ao kwenye bega la embe na kingo za kivuli kilichoanguka mezani. Uso wa ndimu iliyokatwa, ukiutazama kwa mshazari, si duara bali ni duaradufu. Usiuchongoe kwenye ncha.

Hatua ya 3: Maji juu ya maji

Hapa ndipo embe linapopatikana au kupotea, kwa hiyo soma hatua hii yote kabla ya kulowesha brashi.

Kwanza changanya madimbwi matatu kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi): manjano mepesi, waridi, na kijani cha manjano na altramarini. Altramarini inaelekea zambarau, kwa hiyo kijani chake kinapungua ukali kidogo, na hicho ndicho kijani cha ganda la dodo. Kwa ndimu utatumia bluu ya falo, inayotoa kijani kikali zaidi.

Lowesha embe lote kwa manjano, ukiacha doa la mng'ao kavu kabisa. Sasa inamisha kichwa uitazame karatasi kwa ubavu. Mara ya kwanza utaona maji yanameta kama kioo. Ukidondosha waridi wakati huo, itakimbia hadi tumboni mwa embe. Subiri mmeto huo ufifie, karatasi ibaki na unyevu tu. Hapo gusa waridi begani na kijani upande wa chini, kisha nyanyua mkono. Rangi zitakutana zenyewe, bila mstari.

Kanuni ya kushika ni hii: brashi ibebe maji machache kuliko karatasi. Ukileta brashi yenye maji mengi kwenye karatasi iliyoanza kukauka, maji yatasukuma rangi na kuacha doa lenye kingo za kuchanikachanika. Pwani, mvua zikianza, unyevu wa hewa hukupa dakika zaidi. Bara wakati wa kiangazi fanya haraka.

Hatua ya 4: Tabaka la pili na vivuli

Gusa karatasi kwa upande wa nyuma wa vidole. Ikiwa ya baridi, bado ina maji hata kama inaonekana kavu. Subiri.

Kivuli cha embe usikichore kwa nyeusi. Nyeusi ikiingia kwenye manjano hutoa kijani kichafu, na tunda huonekana limeoza. Changanya siena na waridi, ongeza altramarini kidogo, upake upande ulio mbali na dirisha. Ukingo wa ndani wa kivuli hicho ulainishe kwa brashi yenye unyevu mara moja tu. Acha ukanda mwembamba usio na giza chini kabisa ya embe: ule ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa, na bila huo embe halizunguki.

Kivuli kilichoanguka mezani ni altramarini na siena. Pale embe linapogusa kitambaa pawe na giza kuliko kwingine. Na kumbuka rangi za maji hufifia zikikauka, kwa hiyo changanya nzito kidogo kuliko unavyoona inafaa.

Ndimu iliyokatwa ina siri yake. Nyama yake hupitisha mwanga, kwa hiyo mara nyingi upande ulio mbali na dirisha ndio unaong'aa kwa ndani. Itazame vizuri kabla ya kuamua giza liko wapi. Kuta nyeupe kati ya vipande ni karatasi iliyoachwa.

Sasa rangi za mafuta

Tumia kanvasi iliyopakwa praima (rangi ya msingi), au ubao laini uliopakwa praima pande zote mbili usipinde. Rangi ziwe za tyubu za wasanii. Rangi ya mafuta ya kupaka milango hukauka upesi. Wachoraji wa Tingatinga wameifanyia maajabu tangu miaka ya 1960, lakini mtindo wao unapenda rangi bapa na kingo kali, na sisi hapa tunataka rangi zilainike zikutane. Kwenye zile rangi tano, ongeza nyeupe ya titani na manjano ya udongo.

Paka kanvasi nzima siena iliyozimuliwa kwa tapentaini, uifute kwa kitambaa ibaki kahawia hafifu. Iache ikauke. Chora maumbo kwa brashi, kisha fumba macho nusu: utakachobaki unakiona ni makundi makubwa ya giza na mwanga. Jaza giza lote kwanza, jembamba. Halafu rangi za kati, halafu sehemu za mwanga, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Changanya rangi kwenye paleti, si kwenye kanvasi. Ukisugua sana, manjano na zambarau hugeuka tope.

Mng'ao ni mguso mmoja wa mwisho. Kama mwanga wako unatoka angani, tia chembe ya bluu kwenye nyeupe. Madoa madogo ya ganda yaweke machache, pale mwanga unapoanza kugeuka kivuli; ukiyatawanya kila mahali embe linakuwa bapa.

Ukirudi siku nyingine kuongeza tabaka, la juu liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko la chini. Rangi hizi hazikauki kwa maji kutoka, bali kwa mafuta kuungana na hewa. Tabaka la chini lenye mafuta mengi huchelewa, la juu linatangulia kuwa gumu, na baada ya muda picha inapasuka.

Jambo la usalama: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa hujipasha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje, au viloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Fungua madirisha unapotumia tapentaini, na iliyochafuka usiimwage kwenye sinki. Iache itulie, uchafu ushuke chini, kisha mimina ile safi uitumie tena.

Picha ya maji iweke kwenye fremu yenye kioo, karatasi isiguse kioo, isije ikaota ukungu. Ya mafuta haihitaji kioo. Ipe miezi 6 hadi 12 ndipo uipake vanishi.