Tasnifu ya wahamiaji na afya Uingereza: usianze na neno "Waafrika"

Kila mwaka napata meseji za vijana wetu waliokuja kusoma masta huku Uingereza. Wameshaamua tasnifu itahusu wahamiaji na afya, ukimuuliza wahamiaji gani anakujibu "Waafrika". Haya, tuanzie hapo hapo.

Sensa ya huku imeanza kuuliza watu asili yao 1991, na ile ya 2021 ya England na Wales ilikuwa na visanduku 19. Sasa fikiria: Mkongo wa Bukavu aliyekuja kama mkimbizi, nesi wa Kinaijeria mwenye viza ya kazi, Msomali aliyezaliwa Cardiff, dada wa Tanga aliyeolewa huku, wote wanatiki kisanduku kimoja, Mwafrika Mweusi. Mwarabu wa Unguja yeye kapata kisanduku chake 2011, zamani alikuwa anaishia kwenye "wengine". Na yule Mhindi aliyefukuzwa na Idi Amin 1972 anahesabiwa Mhindi, hata kama Kiswahili anakiongea kukushinda wewe. Kwa hiyo tenganisha mapema: asili ya mtu, nchi aliyozaliwa, mwaka aliofika, na aliingia kwa viza gani. Matatu ya mwanzo sensa inauliza, hilo la viza haiulizi, utalitafuta mwenyewe.

Mwaka wa kufika usiudharau hata kidogo. Anayesafiri mara nyingi ni kijana mzima wa afya, kwa hiyo wageni wapya wanaweza kuonekana wana afya kuliko wenyeji, halafu miaka inavyokwenda ile nafuu inapungua. Na kuna jambo sote tunalijua: mtu akizidiwa sana anarudi nyumbani kujiuguza. Akifia huko hayumo kwenye takwimu za huku, kwa hiyo vifo vya wahamiaji vinaweza kuonekana vichache kuliko hali yenyewe.

Upande wa namba, jifunze kwenye korona. Mei 2020 ofisi ya takwimu ya huku ilisema wanaume Weusi walikuwa na hatari ya kufa mara 4.2 ya wanaume Weupe wa umri uleule. Walipoweka kwenye hesabu na umaskini wa mtaa, nyumba, elimu, afya ya zamani na kadhalika ikashuka hadi 1.9. Wengi wanachukua 4.2 maana inatisha, wengine wanachukua 1.9 wanasema "kumbe ni umaskini tu". Ziandike zote mbili! Kwa sababu nani anabanana kwenye flati ndogo na nani anaendesha basi la usiku sio mambo ya bahati nasibu, hapo ndo penye swali lako.

Data za bure jisajili UK Data Service, hifadhi ya data za utafiti ya huku. Uchunguzi wa afya wa England (Health Survey for England) uliongeza sampuli ya watu wa asili za wachache 1999 na 2004, ila Waafrika Weusi waliingizwa huo wa 2004 sio wa 1999, usije ukapoteza wiki nzima kuwatafuta kama mimi.

Ukiamua mahojiano, kazi kubwa ni maneno. Kamusi inakwambia depresheni ni sonona, nenda kamuulize mama wa Kigoma kama ana sonona uone atakavyokutazama. Watu wanasema "nina mawazo", "sina usingizi", "moyo unaenda mbio". Presha nayo, mwingine anamaanisha ile ya kupimwa mkononi, mwingine anamaanisha bili na watoto, kwa hiyo muulize amepimwa wapi na anameza dawa gani. Na mtoto asimkalimanie mama yake, tafadhali, kuna mambo mama hatayataja mbele yake na tasnifu yako itatoka imenyooka kwa uongo.

Halafu woga. Asiye na ukaazi anaweza kuletewa bili ya hospitali asilimia 150 ya bei ya kawaida, na 2017 kulikuwa na makubaliano ya taarifa za wagonjwa kwenda uhamiaji, yakaachwa 2018 baada ya kelele. Watu hawajasahau. Ukimtolea mtu fomu asaini humuoni tena, kwa hiyo omba kamati ya maadili ikubali ridhaa ya mdomo, na omba mapema maana wanaweza kukuzungusha wiki kibao. Suala la karatasi za ukaazi usiliulize siku ya kwanza. Kunywa chai kwanza.

Wakati wa kuandika, kuficha jina peke yake haitoshi. Ukiandika "mama wa miaka 34 kutoka Bujumbura, watoto wanne, anakaa Hull, anafanya usafi hospitali", kanisa zima limeshamjua kabla hawajafika ukurasa wa pili. Toa mji, toa idadi ya watoto, umri andika thelathini na kitu.