Namna ya Kuongeza Mapato ya Tovuti Yatokanayo na Matangazo ya Muktadha

Matangazo ya muktadha ni yale yanayochaguliwa kwa kulinganishwa na maudhui ya ukurasa ambao msomaji anausoma wakati huohuo, hivi kwamba ukurasa unaolinganisha aina za kamera huletewa matangazo ya kamera, lenzi na mafunzo ya upigaji picha. Huo ndio uliokuwa msingi wa AdSense, huduma inayoweka matangazo kwenye tovuti za watu na kuwalipa, pale Google ilipoizindua mwaka 2003. Baadaye mitandao ya matangazo iliongeza taarifa za mienendo ya wasomaji, lakini kadiri vivinjari kama Safari na Firefox vinavyozuia vidakuzi, yaani faili ndogo za kumbukumbu, vya kumfuatilia msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine, maudhui ya ukurasa yamerudi kuwa kigezo kizito. Mwenye tovuti ambaye mapato yake yamedorora kwa kawaida hukimbilia kuongeza visanduku vya matangazo. Mwongozo huu unashauri aanze na ukurasa wenyewe, kwa kuwa bei ya tangazo huamuliwa zaidi na jambo linalozungumzwa hapo, na pia na mtu aliyelifuata jambo hilo.

Fedha inavyopatikana

Kila ukurasa unapofunguliwa, nafasi ya tangazo hupigwa mnada ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tangu mwaka 2021 mnada wa AdSense umekuwa wa bei ya kwanza, yaani mshindi hulipa kiasi kilekile alichokitaja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 malipo kwa wenye tovuti yalibadilishwa kutoka kuhesabiwa kwa mibofyo hadi kuhesabiwa kwa idadi ya mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Mwenye tovuti hupata asilimia 80 ya kiasi kinachobaki baada ya jukwaa la mnunuzi wa tangazo kukata ada yake, na pale mnunuzi anapotumia Google Ads, jukwaa la Google la kununulia matangazo, ambalo hukata wastani wa asilimia 15, fungu linalomfikia mwenye tovuti huwa takriban asilimia 68 ya fedha iliyotolewa.

Mabadiliko hayo hayakuufanya mbofyo upoteze thamani. Mwenye bidhaa bado hupima kama fedha zake zinamletea wateja, na akiona kwamba watu wanaotoka kwenye tovuti fulani hubofya kwa bahati mbaya kisha wakaondoka, yeye au mfumo unaomnunulia nafasi hushusha dau. Kwa hiyo mbinu za zamani za kulifanya tangazo lifanane na menyu, au kulibana karibu na kitufe cha kupakua, ni kinyume cha sera na pia ni hasara ya polepole.

Pima kwa ukurasa, si kwa tovuti nzima

Kipimo cha kuanzia ni mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa: gawanya mapato ya ukurasa kwa idadi ya mara ulizofunguliwa, kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme ukurasa mmoja umefunguliwa mara 4,000 na kuleta dola 6, na mwingine umefunguliwa mara 500 na kuleta dola 4. Wa kwanza unaonekana bora kwa sababu umeleta fedha nyingi zaidi, lakini kiwango chake ni dola 1.50 kwa kurasa 1,000, ilhali wa pili una kiwango cha dola 8. Mia tano nyingine za wasomaji zikielekezwa kwenye ukurasa wa pili zitaleta zaidi ya maelfu mawili ya ziada kwenye ule wa kwanza.

Ripoti za AdSense zinaweza kuchambuliwa kwa ukurasa, kwa nchi na kwa aina ya kifaa, na kuunganisha akaunti hiyo na Google Analytics, chombo cha kupima mienendo ya wasomaji, humwezesha mwenye tovuti kuona pia msomaji aliingilia wapi na alikaa kwa muda gani. Uchambuzi wa nchi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Bei ya tangazo hutofautiana sana kulingana na mahali alipo msomaji, kwa hiyo kushuka kwa kiwango cha jumla pengine kunaonyesha tu kwamba wasomaji wapya wametoka kwenye soko lenye matangazo ya bei ndogo, wala hakuna lililoharibika. Usibadilishe mpangilio wa matangazo kabla ya kuliondoa jambo hilo kwenye hesabu.

Ufanye ukurasa ueleweke

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Mfumo wa matangazo hauoni ukurasa kwa macho ya mtu. Hutuma roboti inayosoma maandishi. Roboti ya AdSense inaitwa Mediapartners-Google, nayo ni tofauti na ile inayokusanya kurasa kwa ajili ya utafutaji, hivyo tovuti inaweza kuonekana vizuri kwenye matokeo ya utafutaji huku roboti ya matangazo ikiwa imezuiwa mlangoni. Fungua faili ya robots.txt, inayoziambia roboti zipi zinaruhusiwa kusoma tovuti, na uhakikishe kwamba roboti hiyo haizuiliwi. Ikiwa baadhi ya kurasa zinahitaji nywila, akaunti ya AdSense ina sehemu ya kuipatia roboti ruhusa ya kuingia. Ukurasa ambao maandishi yake yote yamo ndani ya picha, au yanaletwa na programu baada ya ukurasa kumaliza kufunguka, huenda ukasomwa kama ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu hupata matangazo yasiyohusiana na chochote.

Baada ya hapo, tazama kichwa cha habari. Kichwa kinachosema “Mambo muhimu ya kuzingatia” hakimwambii msomaji wala mashine lolote, ilhali “Namna ya kukadiria ukubwa wa betri ya mfumo wa sola” kinataja jambo, kinataja kifaa na kinadokeza kwamba msomaji yuko karibu kutumia fedha. Aya ya kwanza na vichwa vidogo vitumie majina halisi ya vitu vinavyozungumzwa. Ukurasa uliochanganya betri, bima ya gari na mapishi kwa sababu tu vyote vilitokea wiki moja unastahili kugawanywa, mradi kila kipande kibaki na maelezo ya kutosha kusimama chenyewe; kurasa nyepesi zenye sentensi chache zinaweza kunyimwa matangazo kabisa.

Jambo linalopandisha bei kuliko yote ni ukaribu wa msomaji na uamuzi. Makala ya historia ya paneli za sola na makala ya kulinganisha paneli za uwezo tofauti zinaweza kutumia maneno yaleyale, lakini anayesoma ya pili ana kipimo cha paa mkononi, na wauzaji hushindania mtu wa namna hiyo. Hii haimaanishi kwamba makala za historia ziachwe, kwani ndizo mara nyingi huleta wasomaji wengi na kuijengea tovuti sifa. Kinachotakiwa ni kuweka ndani yake viungo vinavyompeleka msomaji, kwa mtiririko wa kawaida wa maelezo, kwenye makala za kulinganisha, za gharama na za kuchagua.

Kuna watu wanaouza orodha za maneno ya bei kubwa, hasa ya bima, mikopo na mawakili, na kumshauri mwenye tovuti ayanyunyize kwenye kurasa zake. Ushauri huo ni dhaifu. Neno la bima ndani ya makala ya mapishi huichanganya mashine bila kumleta mtu anayetafuta bima, na tovuti isiyo na ujuzi wa mada hizo haiwezi kushindana na zile zilizojaa wataalamu. Ni afadhali kutafuta, ndani ya mada unayoijua, vile vipengele ambavyo watu huvilipia.

Uhai wa makala nao una thamani. Chagua kurasa kumi zenye kiwango kizuri cha mapato ambazo idadi ya wasomaji wake inashuka, urekebishe taarifa zilizopitwa na wakati, ujibu maswali ambayo watu wanaandika kwenye utafutaji na makala haijayajibu, kisha ndipo ufikirie kuandika makala mpya.

Mahali pa kuweka tangazo

Kwa kipimo kinachokubalika katika biashara hii, tangazo la picha huhesabiwa kuwa limeonekana pale ambapo angalau nusu ya piseli zake zimekuwa kwenye skrini kwa sekunde moja mfululizo; kwa tangazo la video muda ni sekunde mbili. Wanunuzi wengi huweka dau kwa kuangalia kiwango hicho cha kuonekana, kwa hiyo tangazo lililozikwa chini ya ukurasa ambako wasomaji hawafiki linaishushia bei nafasi yake lenyewe. Nafasi zinazofaa kwa kawaida ni baada ya aya ya pili au ya tatu, katikati ya makala ndefu, na mara baada ya aya ya mwisho, pale msomaji anapotafuta la kufanya baada ya kusoma. Ukubwa wa piseli 300 kwa 250 una wanunuzi wengi na hukaa vizuri kwenye simu na kwenye kompyuta.

Wingi una kikomo. Viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni za matangazo na za mtandao, vinakataa ukurasa wa simu ambao matangazo yamechukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa maudhui makuu, na vinakataa pia video zinazojicheza zenyewe kwa sauti na matangazo yanayochomoza na kufunika maandishi. Kivinjari cha Chrome huzuia matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango hivyo mara kwa mara, na mwenye tovuti hubaki bila kitu. Hata kabla ya kufika huko, kila tangazo la ziada hugawana macho yaleyale na mengine, hivyo mara nyingi kuondoa lile linaloonekana kwa nadra hupandisha bei ya yaliyobaki.

Tenga nafasi ya tangazo mapema kwenye msimbo wa ukurasa, kwa urefu unaojulikana, ili maandishi yasiruke tangazo linapofika. Google hupima kuruka huko, na kiwango kizuri hakipiti alama 0.1; kipande kimoja kikubwa kuliko vingine kwenye ukurasa, kama picha au aya, nacho kinapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Matangazo ya chini yapakiwe pale tu msomaji anapokaribia kuyafikia.

Washindani kwenye mnada

Weka faili ya ads.txt kwenye mzizi wa tovuti, yaani folda yake kuu, na uorodheshe humo kila kampuni iliyoruhusiwa kuuza nafasi zako. Utaratibu huo ulianzishwa na IAB Tech Lab, shirika la viwango vya matangazo ya mtandaoni, mwaka 2017 ili kuzuia walaghai kuuza nafasi kwa majina ya tovuti za wengine, na wanunuzi wengi hawaweki dau pale faili hiyo inapokosekana au ina makosa. Aina za matangazo unazozizuia ziwe chache na zenye sababu ya kweli, kwa kuwa kila unalolizuia ni mshindani aliyeondolewa. Ikiwa una wasomaji kutoka Uingereza au Umoja wa Ulaya, tumia mfumo wa kuwaomba ridhaa ya kutumia taarifa zao, uliothibitishwa na Google. Tangu Januari 2024 hilo ni sharti, na bila mfumo huo matangazo yanayoletwa kwa wasomaji hao hupungua.

Kujaribu na kulinda akaunti

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. AdSense ina sehemu ya majaribio inayowagawa wasomaji katika makundi mawili, na njia hiyo ni bora kuliko kulinganisha mwezi huu na uliopita, kwa sababu bei za matangazo hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kuporomoka Januari, na anayebadilisha mpangilio Desemba atajisifu kwa faida isiyo yake. Acha jaribio liendelee kwa wiki kadhaa, na uangalie mapato kwa ziara nzima, kwani mpangilio unaoongeza mapato ya ukurasa mmoja unaweza kumfukuza msomaji ambaye angefungua kurasa tatu.

Usibofye matangazo yako, usiwaombe wengine wayabofye, na usinunue wasomaji wa bei rahisi, ambao aghalabu ni roboti. Mapato ya mibofyo batili hukatwa baadaye, na akaunti inaweza kufungwa hata kama kosa limefanywa na mtu mwingine. Ukiona mibofyo imepanda ghafla bila wasomaji kuongezeka, hifadhi kumbukumbu za seva za siku hizo, ondoa matangazo kwenye ukurasa unaolengwa, na uwajulishe Google kupitia fomu yao ya mibofyo batili ukitaja tarehe na kurasa zilizohusika.