Namna meri ya Goma inaweza kuinua muji nyuma ya janga

Kama uko mu meri (ofisi ya muji) ao mu komine, usianze na masemina, anza na soko, juu masoko ya Virunga na Kituku njo fasi makuta ya muji yanazunguka. Mu 2020 mupaka na Rwanda ulifungwa juu ya Covid na wamama wa Petite Barrière, kivuko cha mupaka cha wenye kutembea kwa miguu, wenye walikuwa wanavuka kila siku na beseni ya tomati, mtaji wao ukaisha. Kwa hiyo wape kwanza nafuu ya takse miezi kadhaa, kisha urudishe takse moja tu, bei yake iandikwe wazi kwa ubao wa soko, na walipie kwa simu, ili franka ifike kwa kese ya muji na risiti ibakie, hapa sitaki mchezo kabisa.

Zile ndoo za kunawa mikono za wakati wa Ebola ya 2019 zigeuzwe kuwa bomba za kudumu, juu kolera haijatuacha na watu bado wanachota maji ya ziwa na bido.

Barabara nayo: Bogotá, Kolombia, mu 2020 waliweka njia za baiskeli za muda kwa kupanga kone tu, zingine zikabakia. Sisi tujaribu njia ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, kwa avenyu moja, mwezi moja, tuulize motari (wenye pikipiki) na wenye chukudu, ikikataa tuondoe.

Na hesabu ya wagonjwa ibandikwe kila wiki kwa shefu wa kartiye, juu wakati wa janga uvumi ulituumiza sana.