Jinsi ya Kupanga Likizo Costa de la Luz kwa Kufuata Upepo

Costa de la Luz ni ukanda wa mchanga wa kusini-magharibi mwa Hispania, unaoanzia Ayamonte mpakani mwa Ureno hadi Tarifa, ambako Afrika huonekana ng'ambo ya mlango-bahari wenye upana wa kilomita 14 hivi. Wageni wengi huchagua hoteli kwanza, kisha ndipo wakutane na upepo. Nashauri uanze na upepo, kwa sababu katika pwani hii ndio unaoamua kama siku yako itakuwa ya kuogelea au ya kujifunika uso.

Upepo wa kule ni wa aina mbili. Poniente hutoka baharini, upande wa magharibi, nao huleta ubaridi na unyevu. Levante hutoka mashariki, hubanwa katika mlango-bahari wa Gibraltar hadi ukazidi nguvu, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo ukiwa mkavu na wa joto. Siku ya levante, mchanga wa Tarifa na wa ufukwe jirani wa Bolonia huruka chini chini na kuchoma vifundo vya miguu kama sindano, taulo halitulii, na kila tonge la mkate hutafunwa pamoja na chembe zake. Wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara huufuata upepo huo kutoka mbali, lakini mwenye watoto wadogo asifunge safari ya wiki nzima Tarifa.

Kwa hiyo tazama utabiri kila jioni. Ukisikia levante inakuja, nenda kwenye vighuba vya Roche karibu na Conil de la Frontera, ambako majabali huukinga upepo, au La Caleta mjini Cádiz, ufukwe mdogo unaotazama magharibi katikati ya ngome mbili. Angalia pia jedwali la maji, kwa kuwa bahari hii hupwa na kujaa waziwazi, na maji yakijaa wakati wa bamvua vighuba hivyo hubakiwa na kipande kidogo tu cha mchanga.

Njia nyingine ni kuingia bara. Miji mingi huko ina jina la "de la Frontera", yaani ya mpakani, kwa kuwa zamani ilikuwa kwenye mpaka wa tawala za Waislamu na za Wakristo, na vichochoro vyake bado vinaonyesha hivyo. Vejer, mji mweupe juu ya kilima, uko karibu na bahari kiasi kwamba unaweza kulala huko na kuogelea Conil. Kwa maoni yangu ndiyo kambi bora kwa mwenye gari. Arcos umekaa ukingoni mwa genge juu ya mto Guadalete, na Jerez una chuo mashuhuri cha sanaa ya farasi. Itembelee asubuhi au jioni, maana mchana wa kiangazi jua ni kali na maduka mengi hufungwa. El Rocío, kandokando ya hifadhi ya Doñana, una mitaa ya mchanga mtupu, ila wakati wa hija ya Pentekoste vyumba hujaa.

Asiye na gari akae Cádiz, kwa sababu treni humfikisha Jerez na Sevilla, ilhali Conil, Vejer na Tarifa hazina reli na hufikiwa kwa basi. Juni na Septemba ni miezi mizuri zaidi. Agosti Wahispania wenyewe huwa likizoni na bei hupanda. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000.

Siku ya poniente iwekee Bolonia. Hatua chache kutoka majini kuna magofu ya Baelo Claudia, mji wa Kirumi ambao mashimo yake ya kutia samaki chumvi bado yapo wazi, na jodari waliowatajirisha watu wake wangali wananaswa kila majira ya machipuko kwa mitego ya nyavu iitwayo almadraba. Maliza magofu asubuhi, kisha alasiri upande kilima kikubwa cha mchanga kilicho mwisho wa ufukwe, ambako kukiwa na anga safi utaiona Moroko.