Ng'ombe anarudi joto kila akipandishwa? Kabla hujamlaumu mpandishaji, angalia banda

Jamani wafugaji wa Unguja na Pemba, hili la ng'ombe kurudi joto, yaani kupandishwa kisha akataka dume tena, baada ya kaskazi, ule msimu wa jua kali, tunalilalamikia kila mwaka na kila mwaka tunalaumu mbegu. Mie nina chotara wa Kifriziani, wale ng'ombe wa maziwa wa Kizungu, hapa Wete, kapandishwa mwisho wa Februari karudi, Machi karudi, Aprili mvua za masika zishaanza na kibaridi kimeingia na bado karudi, nikamsema mpandishaji, yule anayemtia ng'ombe mbegu, maneno ambayo mpaka leo naona haya kupita mlangoni kwake.

Kumbe shida ilishaingia zamani. Yai la ng'ombe halitengenezwi siku anayotaka dume, linakaa kwenye kifuko ndani ya ovari, kiungo cha mayai, likikua taratibu kwa miezi, na zile wiki sita hivi za mwisho ndo kifuko kinakua mbio. Sasa piga hesabu mwenyewe, yai la Aprili lilikuwa linakua Februari, jua kali na hewa nzito ya bahari, usiku nao haupoi. Mwili ukipata joto, ng'ombe anakula kidogo, homoni za kuivisha yai zinapungua, yai linatoka dhaifu, hata likirutubishwa kijusi kinakufa mapema wala hujui, unaona karudi tu. Kwa hiyo baridi ikiingia usitegemee mimba wiki ileile, mpe mwezi mmoja mpaka miwili.

Wa kienyeji mwenye nundu anavumilia zaidi. Anayeumia ni chotara, hasa mwenye maziwa mengi, maana kutengeneza maziwa kwenyewe kunaleta joto mwilini.

Kumjua aliyeelemewa ni rahisi: simama pembeni saa nane mchana uhesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja, ukipita 60 huyo yuko taabani, na akitoa udenda mdomo wazi usisubiri kuhesabu. Kama una kipimajoto cha mkunduni, kawaida ni 38 mpaka 39 na kidogo, ikizidi hapo na si mgonjwa basi ni jua.

Kivuli anza kukitengeneza Novemba, usingoje Januari. Makuti ni bora kuliko bati tupu, na kama bati lishapigwa weka makuti juu yake, paa liinuke na pembeni kuwe wazi upepo upite. Huo mtindo wa kuziba banda kwa magunia kote kuzuia wezi, mwizi humzuii na ng'ombe unamchemsha. Maji yawepo muda wote, wa maziwa anaweza kunywa lita 80 na zaidi kwa siku ya joto, na pipa likae kivulini, nani anataka kunywa chai mchana ule? Majani na pumba mpe nyingi baada ya magharibi na alfajiri, mchana kidogo tu.

Kummwagia maji inasaidia lakini yaloweshe mpaka ngozini na upepo uwepo, feni kama una umeme. Ukimwagia kwenye banda lililozibwa unaongeza unyevu tu na joto linabaki palepale.

Sasa joto la kutaka dume, maana lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili na la kwanza linaua la pili: aliyechoshwa na jua hapandi wenzake mchana, dalili zinakuja usiku na zinakwisha haraka. Basi mtazame baada ya isha na tena ukitoka kuswali alfajiri, tarehe uandike ukutani kwa mkaa kama hujui daftari liko wapi. Ukimwona alfajiri apandishwe jioni hiyo, ukimwona usiku apandishwe asubuhi yake. Siku hiyo na mbili tatu zinazofuata ndo umtunze kuliko zote, kijusi kichanga kinaungua upesi, kivuli na maji, wala asitembezwe juani kwenda kwa dume.

Dume naye msimsahau, mbegu zake huchukua kama miezi miwili kutengenezwa, aliyefungwa juani Februari atawaharibia mpaka Aprili. Na kama kibaridi kishapita miezi miwili na ng'ombe bado anarudi, hapo muite daktari wa mifugo ampime kizazi. Wangu alishika Juni, mpandishaji yuleyule.